Kiraka cha Mashine Kina Tarehe Yake

Kipande chenyewe kilikuwa kimekatwa kwenye kopo la soda. Nilikikuta kati ya shafti na beringi ya mashine ya kukoboa mahindi, kwenye kinu kimoja mkoani Morogoro, kimesagika mpaka kikawa chepesi kama karatasi ya sigara, na upande mmoja maandishi mekundu bado yanasomeka. Shafti ilikuwa imelika, beringi inacheza, na ilikuwa Ijumaa ya msimu wa mavuno, magunia yamepangwa mpaka barabarani. Fundi akachukua mkasi, akakata kopo, akalizungushia shafti, akabana beringi juu yake. "Kwa leo itatembea, mama," akamwambia mwenye kinu. "Jumatatu tuipeleke ikachongwe."

Ikatembea. Jumatatu ikafika, foleni bado ndefu, mashine inakoboa bila kelele, nani azime? Fundi akapata kazi nyingine Kilosa, akaondoka. Wiki ya tatu beringi ikashika, shafti ikapinda, puli ikapasuka, na kinu kikalala siku tisa. Kuichonga shafti ile Jumatatu kungekula nusu siku.

Nilipofika kila mtu alikuwa anamlaumu fundi na kopo lake. Mimi kwa kopo simlaumu. Ukuta wa kopo la soda una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na shafti iliyolika kiasi hicho, kama haizunguki kwa kasi, itabanwa na kopo kwa siku mbili tatu bila shida. Kilichoiua mashine ni Jumatatu iliyopita bila kuandikwa popote.

Basi mwongozo huu ni kwa wewe mwenye kinu, msimamizi wa zamu au fundi wa kiwanda kidogo, ambaye mashine imekulalia na mzigo uko mlangoni. Mifano yangu mingi ni ya vinu vya nafaka kwa sababu huko ndiko nilikozeekea, lakini mkanda ni mkanda, uwe unazungusha kinu cha sembe, mashine ya kukamua alizeti au ya kupasua mbao.

Hesabu kwanza, spana baadaye

Jua saa moja ya kusimama inakugharimu nini. Tuseme kinu chako kinasaga kilo 600 kwa saa na unatoza shilingi 80 kwa kilo. Hizo ni shilingi 48,000 kwa saa, au 384,000 kwa zamu ya saa 8, bado hujahesabu posho ya vijana waliokaa juu ya magunia wakichezea simu, wala mteja aliyehamia kwa jirani. Weka namba zako mwenyewe. Ukishaipata, inakusaidia pande mbili: utajua kama inafaa kumlipa bodaboda akufuatie beringi mjini usiku huu huu au kusubiri asubuhi, na utaona upesi kwamba mapato ya zamu moja hayalipi mota iliyoungua.

Kisha zima. Kitufe pekee hakitoshi: shusha swichi kuu, tia kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono, si mwa msimamizi aliyeko ofisini. Kinu cha nyundo huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatwa. Kiache kisimame chenyewe, usikizuie kwa ubao. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto, na somo lake la kwanza kwa kila kijana mpya lilikuwa kuuweka mkono huo mezani na kunyamaza.

Sasa jiulize maswali mawili. Kiraka hiki kikikatika ghafla, nini kitaruka na kitaelekea wapi? Na kikianza kuchoka polepole, nitaona dalili gani kabla hakijaachia? Mkanda ukikatika ndani ya kava lake, hasara ni mkanda. Lakini kama jibu la swali la kwanza ni mtu, au la pili ni "hakuna dalili", funga kisanduku cha vifaa na uwaambie wateja warudi kesho.

Kwa kipimo hicho kuna vitu visivyotiwa kiraka kabisa. Boila na kila chombo kinachoshika mvuke au hewa iliyobanwa ni cha kwanza. Mvuke wa baa 7 una joto la karibu nyuzi 170, na tundu dogo kama la sindano linatosha kumchuna mtu ngozi. Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya wana yao ya 2007, na zote mbili zinataka vyombo vya aina hiyo vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Usiku wa manane fundi wako hana idhini hiyo hata awe hodari namna gani. Cha pili ni vifaa vya kunyanyulia: minyororo, kamba za waya, ndoano. Cha tatu ni breki. Cha nne ni vile vinavyomlinda mtu moja kwa moja, yaani kava la mkanda, kitufe cha dharura na swichi inayozima mashine mlango ukifunguliwa. Nimekuta swichi kama hiyo imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili mashine izunguke mlango ukiwa wazi. Kiraka cha namna hiyo hakimwokoi mtu yeyote.

Bomba la Flixborough

Ukitaka kujua kiraka kinavyoweza kumeza kiwanda kizima, kasome habari za Flixborough, mashariki mwa Uingereza. Kiwanda cha Nypro kilikuwa kinatengeneza malighafi ya nailoni kwa matangi makubwa sita yaliyopangwa kwa ngazi, kila tangi likimwaga katika linalofuata, ndani yake mna kimiminika chenye joto la nyuzi 155 na kinachowaka kama petroli. Machi 1974 tangi namba 5 likaonekana lina ufa. Likatolewa. Ili uzalishaji usisimame, mafundi wakaunganisha namba 4 na namba 6 kwa bomba la kipenyo cha inchi 20. Kwa kuwa matangi hayakuwa kimo kimoja, bomba likatiwa kona mbili, na ncha zake zikafungwa kwenye viungo vya kunepa vilivyokuwapo tangu mwanzo.

Mchoro pekee uliofanywa ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Mhandisi wa mitambo wa kiwanda alikuwa ameondoka mapema mwaka huo na nafasi yake ilikuwa haijajazwa. Hakuna aliyekaa akajiuliza bomba lenye kona mbili, likishajaa shinikizo, litataka kujisokota upande gani. Lilisimamishwa juu ya majukwaa ya mabomba ya kawaida ya ujenzi. Likafanya kazi miezi miwili. Jumamosi tarehe 1 Juni 1974 likaachia, wingu la mvuke likawaka, na watu 28 wakafa kiwandani. Ingekuwa siku ya kazi, ofisi zikiwa zimejaa, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Waliolifunga bomba lile walikuwa mafundi hodari wa kuunga mabomba. Swali waliloulizwa lilikuwa la ufundi bomba, kumbe lililotakiwa lilikuwa la uhandisi. Kwa hiyo nakuomba utofautishe: kurudisha kitu kilekile kilivyokuwa, hata kwa kifaa duni kidogo, ni kazi ya fundi. Kubadilisha umbo, njia au ukubwa wa kitu chenye shinikizo, uzito mkubwa au kemikali, hata kwa siku moja, kunataka mtu wa kupiga hesabu.

Mikanda

Hapa kiraka hakina hatari kubwa, ndiyo maana nawashangaa wanaolala njaa kwa sababu ya mkanda mmoja. Puli ina mikanda minne, mmoja umekatika. Toa vipande vyote, hasa nyuzi zilizojisokota kwenye shafti, kisha endelea na mitatu iliyobaki huku ukipunguza mlango wa kulishia kwa robo hivi. Angalia amita. Mikanda ikianza kulia wakati wa kuwasha au ukasikia harufu ya mpira, punguza tena.

Usichomeke mkanda mmoja mpya kati ya mitatu ya zamani. Ya zamani imeshavutika. Mpya ni mfupi kidogo, kwa hiyo utabeba mzigo karibu wote peke yake na kufa mapema, na wewe utamlaumu muuza duka. Mikanda hubadilishwa kwa seti. Ukienda kununua, soma maandishi ya mgongoni: herufi ni upana (A ni milimita 13, B ni 17, C ni 22) na namba inayofuata kwa kawaida ni urefu wa ndani kwa inchi. A75 haiwezi kuwa B75 hata kama inaingia kwenye mfereji. Itakaa chini, itateleza, na puli italika.

Kuhusu kukaza: bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kwa umbali wa mita moja, mkanda ubonyee kama milimita 16. Ukikazwa kama uzi wa gitaa unavuta beringi za mota upande mmoja, na wiki ijayo utakuwa unasoma sehemu inayofuata. Mkanda mpya ukague tena baada ya siku moja ya kazi, maana huvutika. Na tafadhali, tabia ya kumwagia soda au lami ili usiteleze iachwe.

Beringi na shafti

Beringi hupiga kelele siku nyingi kabla ya kufa, tatizo ni masikio yetu. Shika bisibisi ndefu, ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye sikio, nywele na shuka mbali na mkanda. Mvumo laini ni uzima. Mlio wa mchanga ni uchafu au ukosefu wa grisi. Kugonga kwa mpigo ni kuvunjika. Joto nalo linasema: nyumba ya beringi ambayo kiganja hakivumilii kuigusa kwa sekunde chache imepita nyuzi 60 hivi, ikifika 80, simamisha. Vipimajoto vya kulenga kwa mbali si ghali siku hizi, na kwa kinu chenye vumbi la unga ni bora kuliko kiganja.

Beringi yenye mlio wa mchanga lakini haijapata joto kali unaweza kuimalizia zamu. Tia grisi kidogo, punguza mzigo, ipime kila nusu saa na uandike. Nasema kidogo kwa sababu wengi hudhani grisi ni kama maji ya kunywa. Nafasi ya ndani ijae theluthi mpaka nusu. Ukishindilia mpaka ifurike, gololi zinaogelea ndani yake na joto linapanda badala ya kushuka. Ambayo imegeuka rangi ya bluu, au inayocheza ukiitikisa shafti kwa mkono, haina zamu ya kumalizia. Kumbuka vumbi la unga linawaka, na likiwa hewani linalipuka. Beringi yenye moto ndani ya kinu kilichojaa vumbi ni kiberiti.

Ukitafuta ya kubadilisha, huhitaji kampuni ileile, unahitaji namba ileile. Namba mbili za mwisho, kuanzia 04 kwenda juu, zidisha kwa tano upate tundu la ndani kwa milimita: 6308 ni milimita 40, na kwa kipimo cha kimataifa kipenyo chake cha nje ni 90 na unene 23, iwe imetoka Sweden, Japani au China. Herufi za nyuma nazo zina maana. ZZ ni kinga za bati, 2RS ni za mpira, na C3 ni beringi yenye nafasi kubwa kidogo ndani kwa ajili ya kutanuka kwa joto. Mota iliyokuja na C3 ukiipa isiyo na C3, inaweza kushika ikishapata moto. Kinyume chake mara nyingi hakina madhara kwa siku chache.

Sasa ile shafti iliyolika, kisa chetu cha kopo. Kabla hujafikia kopo, tazama kama fremu inakuruhusu kuisogeza beringi sentimita tatu au nne kushoto au kulia, ikakalie mahali ambapo shafti bado ni nzima. Unatoboa matundu mapya mawili ya bolti, kazi ya saa moja, na kiraka hicho ni karibu na tiba. Pengine hata shafti inaweza kugeuzwa mwisho kwa mwisho. Ikishindikana kote, ndipo kopo, au ile mbinu ya kupigapiga sentapanchi kuzunguka shafti ili ivimbe vidoti vidoti. Zote mbili ni za shafti inayokwenda taratibu. Kwenye kinu cha nyundo, kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika, usithubutu.

Kinu cha nyundo kina mizani

Nyundo moja ikikatika usiku na huna akiba, ng'oa na ile inayoitazama upande wa pili wa rota, kwenye fimbo ya mkabala, nafasi ileile. Kinu kitasaga polepole kidogo lakini hakitatetemeka. Nimewaona vijana wakichomelea kipande cha chuma kwenye nyundo iliyobaki nusu. Gramu chache zikizidi upande mmoja kwa kasi ile zinatosha kulegeza bolti za msingi. Kama unarudisha nyundo mchanganyiko, mpya na kuukuu, chukua mizani ya duka, pima kila safu, na safu zinazotazamana zilingane uzito. Na kabla ya kununua mpya, geuza. Nyundo nyingi zina kona nne, na watu huzitupa zikiwa zimetumika moja.

Chekeche likitoboka, kiraka cha bati kwa ndani hushika, ila kabla ya kuchomelea chochote safisha unga wote, funika magunia, weka ndoo ya mchanga karibu. Baadaye pitisha sumaku kwenye mfereji wa unga. Kipande cha waya wa kuchomelea kilichomo kwenye ugali wa mteja hakitibiki kwa kuomba radhi.

Umeme

Sehemu hii naiandika kwa ukali kwa sababu viraka vya umeme vinaua mota kimyakimya, na wakati mwingine mtu. Kazi ya ndani ya boksi iachie fundi umeme. Wewe msimamizi jua tu cha kukataa.

Mota ya njia tatu ikivuma bila kuzunguka, fezi moja haipo. Zima papo hapo. Ikiwa ilikuwa tayari inazunguka, itaendelea na fezi mbili huku ikinyonya umeme mwingi kwenye njia zilizobaki, na ndani ya dakika chache harufu ya vanishi itakufikia. Hapo kinachotafutwa ni fyuzi iliyokatika, mdomo wa kontakta ulioungua au waya uliolegea, na mara nyingi ni cha kukaza tu. Fyuzi ikikatika mara ya pili, ilikuwa inakuambia jambo. Ukiweka waya wa shaba mahali pake umemnyamazisha shahidi.

Ovalodi nayo inaonewa sana. Ikijikata mara kwa mara, kijana anashika bisibisi anaipandisha. Kumbuka kanuni ya zamani ya wasuka mota: kila nyuzi 10 za joto zilizozidi, maisha ya vanishi ya waya hupungua kwa nusu. Ovalodi ikae kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Kwenye starta ya sta-delta, kama imeungwa kwenye nyaya tatu ziendazo kwenye mota baada ya kontakta kuu, huwekwa 0.58 ya namba hiyo. Mota ya ampea 30 inawekwa kama 17.4. Nimeshakuta ovalodi ya namna hiyo imewekwa 30 na mtu aliyejiona anafuata kibati, na mota ikasukwa upya mara mbili kwa mwaka mmoja.

Kiraka halali cha umeme ni kama hiki: kuazima kontakta ya mashine isiyotumika, mradi ampea zake zitoshe na koili iwe ya volti ileile. Koili ya volti 230 ukiiunga kati ya fezi mbili inaungua papo hapo. Na baada ya kugusa nyaya za mota, iwashe kidogo kwanza bila mkanda uone inazunguka upande gani; ukibadilishana fezi mbili tu inageuka.

Vinavyovuja na vilivyopasuka

Bomba la maji baridi lenye tundu: kipande cha tyubu ya gari, klipu mbili, umemaliza. Hosi ya haidroliki ni jambo jingine. Usiizungushie mpira, usiizungushie chochote, ibadilishe. Na usitafute tundu lake kwa kidole, tumia kipande cha boksi, kwa sababu mafuta yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kama mchomo mdogo wa mwiba, saa chache baadaye mkono umevimba. Mtu huyo hapewi dawa ya maumivu na kurudi kazini, anakimbizwa hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe ni mafuta.

Nyumba ya chuma cha kumimina iliyopasuka ina mtego wake. Ukiichomelea kwa waya wa kawaida, ufa unajifungua tena pembeni ya weldi ikipoa, na safari hii ni mrefu zaidi. Kwa muda, toboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, kisha funga bamba la chuma juu yake kwa bolti. Kuchomelea kwenyewe kunataka waya wa nikeli, vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, kugongagonga kila kipande, na kupoza taratibu kwenye majivu. Gerezani, Dar es Salaam, utapata mtu wa kazi hiyo. Ila muulize kwanza waya gani anatumia.

Pini ya usalama, ile inayotakiwa kukatika mtambo ukikwama, ina dhambi yake maalumu: msumari wa inchi nne, au mbaya zaidi, bolti yenye alama 10.9 kichwani. Bolti hiyo haitakatika. Badala yake itakatika giaboksi. Kama huna pini ya asili, weka chuma laini zaidi, kamwe usiweke kigumu zaidi.

Kadi, rangi na mtu wa zamu ijayo

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Vali yake ya usalama ilikuwa imetolewa, na mdomo wa bomba umezibwa kwa kifuniko cha muda. Zamu ya usiku haikuambiwa habari ya vali hiyo. Pampu ya pili ilipozima, wakawasha ile ya kwanza. Walikufa watu 167.

Sisi wa vinu hatuna mafuta ya bahari, ila tuna zamu, na tuna usahaulifu uleule. Mimi nafanya hivi. Kila kiraka kinapakwa rangi ya njano, hata iwe tone tu, ili anayepita akione. Juu yake inafungwa kadi ya boksi ndani ya mfuko wa plastiki: nini kimefanywa, nani amefanya, lini, mzigo usizidi kiasi gani, dalili gani ikionekana mashine izimwe, na siku ya kukitoa. Siku hiyo inaandikwa kabla umeme haujarudishwa, wakati kila mtu bado ana hofu. Ukisubiri mashine izunguke, hofu inaondoka na kalamu inaondoka nayo. Maneno hayohayo yanaingia kwenye daftari la zamu, na anayepokea zamu anatia saini akiwa amesimama mbele ya mashine, si ofisini. Picha kwenye kundi la WhatsApp nayo ni nzuri, lakini kesho asubuhi itakuwa chini ya salamu arobaini na tangazo la harusi.

Sharti la pili ni kwamba kipuri halisi kiagizwe siku ileile ya kiraka. Kadi isiyo na namba ya oda haijakamilika. Na tarehe ikifika kipuri hakijaja, kiraka kifunguliwe, kikaguliwe na kipewe tarehe mpya na mtu mwenye mamlaka ya kuzima mashine. Mara mbili inatosha. Mara ya tatu mashine izimwe, hata mwenye kinu akinuna.

Kuhusu akiba ya stoo sina mengi: seti moja ya mikanda, beringi mbili za kila namba, fyuzi, koili ya kontakta, seti ya nyundo iliyopimwa. Kwa kinu cha hesabu yetu ya juu, jumlisha bei zake kisha ulinganishe na zile 384,000 za zamu moja.

Kesho asubuhi, kabla zamu haijaanza, zunguka mashine zako zote na tochi. Ukikuta waya wa kufungia, kopo, mpira wa tyubu au msumari mahali pa bolti, na hakuna anayejua uliwekwa lini, funga swichi kuu na uanze na hapo.